Ufunguo Uliokatwa Vipande Vitatu

Ilikuwa Jumamosi asubuhi nyumbani kwa Mzee Nashoni, kijijini Susuni. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama Teresia alikuwa akikamua. Machage, kijana wao, alikuwa akitoa samadi zizini. Mzee mwenyewe alisimama kwenye mlango wa zizi na kuwasemesha ng'ombe kwa Kikurya, kama watu wenye akili zao. Binti yao Eunice alikuwa chumbani na hedifoni masikioni, akiandika.

"Huyu mtoto anaandika nini kila siku?" Mzee Nashoni aliuliza.

"Anasikiliza watu wakiongea, halafu anaandika walichosema," Mama Teresia alijibu.

"Na kwa hilo analipwa?"

"Analipwa."

Mzee alitikisa kichwa. "Kweli duniani kuna kazi. Mimi nimesikiliza watu miaka sitini, sijalipwa hata sumni."

Eunice alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi mjini Tarime. Mwisho wa wiki alikuja nyumbani kusaidia kazi. Kampuni moja ya nje ilimtumia sauti za watu wanaozungumza Kiswahili, naye aliziandika. Kila Ijumaa walimlipa kwa sarafu za mtandaoni. Hazikuwa zile zinazopanda leo na kuanguka kesho. Zilikuwa za aina inayofuata thamani ya dola. Alizipokea kwenye simu yake, na hakuwa akizigusa.

Hakuzigusa kwa sababu zilikuwa na kazi moja tu. Kwa Wakurya wengi, kaka huoa kwa ng'ombe waliotoka kwenye mahari ya dada yake. Eunice na Machage walikuwa wameunganishwa hivyo tangu wadogo. Sasa Machage alikuwa akimpenda Kezia, binti wa Mzee Nchagwa wa kijiji cha jirani. Na mfanyabiashara mmoja wa Sirari alikuwa ametuma watu kumuulizia Eunice. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na hakutaka mke anayesoma.

Siku ile watu wa Sirari walipoondoka, Eunice alikwenda kukaa karibu na baba yake.

"Baba, naomba muda. Ng'ombe za Machage nitazileta mimi, kwa kazi yangu. Niache nimalize chuo."

Mzee Nashoni hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya tatu alimwita.

"Nimekubali," alisema. "Lakini mpaka mahindi yavunwe. Yakivunwa na ng'ombe hazipo, watu wa Sirari nitawaita. Kaka yako hawezi kuzeeka akingoja."

Tangu siku hiyo, kila sarafu iliyoingia kwenye simu ilikuwa ya kumbakiza Eunice chuoni.

Mwanzoni aliziacha kwenye kampuni ya mtandaoni inayowahifadhia watu sarafu zao. Ilikuwa rahisi. Ukisahau namba ya siri, kampuni inakupa nyingine. Kisha akasikia kwamba kampuni nyingine ya namna hiyo ilikuwa imezuia watu kutoa sarafu kwa siku tisa. Mwanachuo mwenzake mmoja alikuwa na ada yake humo, akalia mpaka macho yakavimba. Eunice aliogopa. Akaweka kwenye simu pochi yake mwenyewe, programu ya kutunzia sarafu bila kupitia kampuni, kisha akahamishia sarafu zote huko.

Pochi ilipofunguka, ilimwonyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Chini yake iliandikwa: "Andika maneno haya kwa mpangilio huu. Simu ikipotea, maneno haya yatarudisha sarafu zako. Ukiyapoteza maneno, hakuna wa kukusaidia. Mtu mwingine akiyapata, sarafu ni zake."

Eunice aliyaandika kwenye karatasi ya daftari. Kisha akakaa akiitazama. Aiweke wapi? Chumba cha kupanga mjini kilikuwa kimewahi kuvunjwa. Nyumbani watu huingia na kutoka. Akaamua kumuuliza baba yake, kwa sababu hakumjua mtu mwenye tahadhari kuliko yeye.

"Baba, kitu cha thamani ukikificha pahali pamoja, mwizi akakipata, si kimekwisha?"

Mzee Nashoni alifurahi. Hakuna mzazi asiyefurahi kuulizwa jambo na mtoto anayesoma chuo.

"Mwanangu, wewe ng'ombe zangu unazijua. Hapa zipo chache. Nyingine ziko Nyangoto kwa mjomba wako Kornelio. Nyingine ziko Kewanja kwa shangazi yako Bernadetha. Kwa nini niliziwekesha huko? Ugonjwa ukiingia hapa, au wezi, siwezi kuwa maskini kwa asubuhi moja. Babu yako alifanya hivyo, na baba yake pia. Hiyo karatasi yako igawe mara tatu."

Ukiniuliza mimi, ushauri ule ulikuwa na sura ya busara. Ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Eunice alikata karatasi vipande vitatu, kila kimoja maneno manne. Cha kwanza alimpa baba yake. Cha pili alikipeleka kwa shangazi Kewanja. Cha tatu alikipeleka kwa mjomba Nyangoto. Aliporudi jioni alikula vizuri na akalala usingizi mzito.

Miezi ikapita. Mahindi yakatoa mbelewele, yakaanza kukauka majani. Sarafu zilikuwa zimekaribia kutosha.

Siku moja Eunice aliwasaidia baba yake na Machage kupeleka ng'ombe kwenye josho. Ng'ombe huruka ndani ya dimbwi la dawa ya kupe, huogelea, na kutokea upande wa pili. Ndama mmoja aligoma. Eunice akainama kumsukuma, na simu ikachomoka kwenye mfuko wa shati. Ilitumbukia kwenye dawa kabla hata hajapiga kelele.

Waliipata baada ya ng'ombe wote kupita, kwa reki. Ilikuwa imejaa dawa na tope. Haikuwaka tena.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee Nashoni. "Lakini si tuna karatasi? Ndiyo kazi yake."

"Ndiyo, baba. Tunazo," Eunice alisema, na moyo wake ukatulia.

Karatasi ya nyumbani ilikuwepo, kwenye kopo la chai. Shangazi Bernadetha naye alitoa ya kwake kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo, imenyooka kama mpya. Eunice akapanda bodaboda kwenda Nyangoto.

Mjomba Kornelio alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alikuwa mtu mkarimu, na kipande cha karatasi alikiweka mahali pa heshima, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya ubatizo. Alilivuta sanduku na kulifungua. Ndani kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa ubao, na kula walichokikuta.

Kornelio alikung'uta udongo polepole. Alipata nusu ya cheti na kipande cha karatasi ya daftari kilichobaki kama jani lililoliwa na viwavi. Maneno mawili yalisomeka. La tatu lilikuwa limebaki mwanzo wake tu. La nne halikuwepo kabisa.

"Eunice, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani nimekitunza."

"Ulikitunza, mjomba. Si kosa lako," Eunice alisema. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye rundo la mawe, na kulia kwa kwikwi.

Nyumbani Eunice aliwaeleza alichokikuta. Mama Teresia alimshika binti yake mkono. Machage aliinuka na kutoka. Na yeye alikuwa na uchungu wake, maana Kezia hangemngoja milele.

Kesho yake mchana Machage alirudi amechangamka.

"Nimepata mtu!" alisema. "Nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp. Kuna mhandisi, anafufua pochi zilizopotea. Nimeshamtumia elfu thelathini ya kuanzia. Sasa anataka tumpigie picha zile karatasi zote, hata hiyo iliyoliwa. Baba, nipe ile ya kwako."

Mzee Nashoni hakunyanyuka. "Huyo mhandisi anakaa wapi?"

"Hajasema."

"Mtoto wa nani?"

"Baba, huko mtandaoni watu hawaulizani mtoto wa nani."

"Mura, kijana wangu, mimi nitoe ng'ombe yangu kwa mtu ambaye zizi lake silijui, na jina la baba yake silijui? Karatasi haitoki."

Machage aliondoka kwa hasira na kumwandikia yule mhandisi kwamba karatasi zitachelewa. Mhandisi akajibu kwamba ada imepanda, atume elfu hamsini nyingine. Machage akasoma ujumbe ule mara mbili. Akaona aibu, akazima simu.

Eunice alikuwa amesikia kwamba kuna fundi simu mjini Tarime, karibu na soko, ambaye Jumapili huwafundisha akina mama wa vikundi kutumia simu bila kuibiwa. Jina lake Hilaria. Alizaliwa Maswa. Alikuja Tarime akifuata dhahabu, akakuta dhahabu ina watu wengi kuliko mawe yake, akageukia simu. Jumatatu asubuhi, Eunice, baba yake na Machage walikuwa kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, mzee," Hilaria alimsalimu Nashoni.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na msiba."

Eunice alieleza yote, kuanzia kampuni mpaka mchwa. Hilaria alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Kuna mtu yeyote ameshatumiwa haya maneno?"

Machage alitazama chini. "Maneno bado. Hela ndiyo nilituma."

"Elfu ngapi?"

"Thelathini."

"Shukuru. Kuna watu walituma maneno, wakapoteza kila kitu ndani ya dakika tano. Kaka yangu, shika hili moja. Mtu yeyote anayekuomba yale maneno ni mwizi. Awe amevaa tai, awe na nembo ya kampuni, awe anaongea Kikurya cha ndani kabisa. Hakuna msaada halali unaohitaji mwingine ayajue."

"Sasa na wewe utatusaidiaje bila kuyajua?" Mzee Nashoni aliuliza.

Hilaria alicheka. "Swali zuri, mzee. Utaona."

Kwanza alimwomba Eunice atazame kile kipande kilicholiwa, huku yeye Hilaria akitazama pembeni.

"Lile neno la tatu, zimebaki herufi ngapi za mwanzo?"

"Tano."

"Basi hilo tumelipata. Pochi za aina hii hutumia orodha moja ya maneno elfu mbili na kidogo. Orodha iko wazi, kila mtu anaweza kuiona. Ilitengenezwa hivi kwamba hakuna maneno mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Ukiwa na nne, unalo neno zima. Na neno la mwisho?"

"Hilo mchwa wamelimaliza."

"Limepotea moja tu?"

"Moja tu."

"Hapo tuna kazi, lakini ni kazi ya binadamu. Neno la mwisho halikubali lolote tu. Ni lazima lipatane na yale kumi na moja. Katika orodha nzima, yanayopatana hayafiki mia na thelathini. Tutayajaribu moja moja. Yangekuwa yamepotea maneno manne yote, ningewapa pole na kuwarudisha nyumbani. Kompyuta yangu ingejaribu mpaka mimi nizeeke."

Hilaria alitoa kompyuta ndogo na kuzima mtandao. Akamwonyesha Eunice kwamba umezimwa. Akafungua programu aliyoiweka humo zamani kwa kazi kama hiyo. Kisha akageuza kigoda chake, akawapa mgongo na kutazama barabarani.

"Andika mwenyewe," alisema. "Mimi sitaki kuyaona. Nikiyaona leo, kesho sarafu zikipotea utaniwaza mimi. Na mimi nataka tuendelee kusalimiana sokoni."

Mzee Nashoni alimtazama kwa heshima yule mama aliyemgeuzia mgongo. Hapo ndipo alipoanza kumwamini.

Eunice alikuwa na anwani ya pochi yake, ile ambayo kampuni ya kazi yake ilikuwa ikiitumia kumlipa. Anwani ni ya kupokelea tu, haifungui kitu. Aliisoma kwenye barua pepe yake, kwa simu ya Machage. Kila neno alilojaribu, programu ilitoa anwani. Alilinganisha. Hazikufanana. Akajaribu jingine.

Saa ikapita. Machage alileta chai na mandazi. Hakuna aliyekula.

"Fundi," Mzee Nashoni alisema ghafla. "Niambie ukweli. Kosa letu lilikuwa wapi? Mimi ndiye niliyesema tugawe. Ng'ombe tunagawa hivyohivyo na tunapona."

Hilaria hakugeuka, lakini sauti yake ililainika.

"Mzee, nikuulize. Zizi la Nyangoto likivamiwa, unabaki na nini?"

"Nabaki na ng'ombe wa Kewanja na wa nyumbani."

"Wale wa Kewanja, wanahitaji wa Nyangoto ili watoe maziwa?"

"Hapana. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Hapo ndipo tofauti ilipo. Karatasi ya Kewanja peke yake haina maziwa. Zote tatu zinategemeana. Ng'ombe ukiwagawa, hasara inagawanyika. Maneno ukiyagawa, hatari inaongezeka mara tatu, maana sasa mchwa wa nyumba yoyote kati ya tatu anakumaliza. Hamkugawa mali. Mlikata ufunguo vipande vitatu."

Mzee Nashoni alikuwa na sifa moja kijijini, nayo ni ya kujua kutunza. Sasa alikuwa ameteleza hapo hapo.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "nimemwoza mwanangu kwa ushauri wangu mwenyewe."

Eunice aliacha kuandika. "Baba, usiseme hivyo. Mimi ndiye niliyekata."

"Endelea kujaribu," baba yake alisema. Aligeuza uso, na Machage akaona baba yake anafuta macho. Hakuwahi kuliona jambo hilo.

Maneno ya kujaribu yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti. Eunice alipita M, akapita P. Alipofika katikati ya S, aliitazama anwani, akaitazama tena, akaisoma herufi kwa herufi kwa kidole.

"Dada Hilaria," alisema. "Ni yenyewe."

Machage alipiga yowe mpaka wauza nyanya wa jirani wakasimama. Eunice alikumbatia kompyuta. Mzee Nashoni alivua kofia, akaikunja, akaikunjua na kuivaa tena.

"Tulieni," Hilaria alisema, akiwa amegeuka sasa. "Tumepata ufunguo. Bado hatujarekebisha nyumba."

Siku ile Mzee Nashoni alinunua simu ya bei nafuu, akasema ni mkopo mpaka Eunice aanze kazi. Walirudi kibandani, na Hilaria akawaeleza polepole, akimwelekea zaidi mzee kwa sababu ndiye aliyekuwa akiuliza.

"Sarafu zikikaa kwenye kampuni, ni kama ng'ombe uliyemwekesha kwa mtu. Una neno lake tu. Mtu akiwa mwaminifu, sawa. Akifilisika au akifunga mlango, utabisha hodi. Ni rahisi kwa mtu anayeanza na mwenye kiasi kidogo. Lakini chagua kampuni inayojulikana, na usiache humo usichoweza kukipoteza."

"Na hii ya kwenye simu?" Machage aliuliza.

"Hiyo ni zizi lako mwenyewe. Wewe ndiye mwenye mlango na wewe ndiye mlinzi. Ukilala, hakuna wa kumlaumu. Kabla ya kuiweka kwenye simu, hakikisha ni programu ya kweli. Wezi hutengeneza inayofanana nayo kwa rangi na jina. Ingia kwenye tovuti ya wenyewe, fuata kiungo chao. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye kundi."

"Nasikia kuna kifaa," Eunice alisema.

"Kipo. Kidogo kama flashi. Funguo zinakaa humo, haziingii mtandaoni. Kinafaa kwa anayetunza sarafu nyingi kwa muda mrefu. Lakini ni ghali. Na ukinunua, nunua kipya kwa wenyewe. Ukiuziwa kilichotumika, au kilichokuja na maneno tayari yameandikwa, kitupe. Aliyeyaandika anakungoja uweke sarafu."

"Kwa Eunice ungechagua ipi?" Mzee aliuliza.

"Yeye ndiye achague, mzee. Mimi ningekuwa na pochi mbili. Moja ndogo ya matumizi, ninayotembea nayo kwenye simu. Nyingine ya akiba, nisiyoigusa, na simu yake haiendi josho."

Hata Mzee Nashoni alicheka.

"Kila pochi na maneno yake kamili," Hilaria aliendelea. "Hapo ndipo busara yako inafaa, mzee. Gawa mali, usigawe ufunguo. Moja ikiharibika, nyingine inabaki. Na ufunguo mzima unautolea nakala mbili, kila moja pahali pake. Moja ikipotea, nyingine ipo."

"Nakala kwenye simu, kwa picha?" Machage aliuliza.

"Hapana. Picha hupanda mtandaoni bila wewe kujua. Mtu akiingia kwenye barua pepe yako, anazikuta. Andika kwa mkono wako, mahali ambapo moto, maji na mchwa hawafiki."

Jioni hiyo Eunice aliirudisha ile pochi yake kwenye simu mpya, kisha akafungua pochi nyingine, yenye maneno mapya. Ya zamani yalikuwa yametembea nyumba tatu, hakutaka kuyaamini tena. Alituma kwanza kiasi kidogo kwenye pochi mpya. Kisha akaifuta ile pochi mpya kwenye simu, akairudisha kwa maneno yake, kuona kama kweli inarudi. Ilirudi. Ndipo akahamisha zilizobaki. Hilaria alimkumbusha pia kwamba hapa nchini huwezi kulipia sukari kwa sarafu hizo, na kwamba kabla ya kuzibadilisha aulize sheria na kodi zinasemaje, kwa sababu hubadilika.

Mjomba Kornelio alipopata habari, alikuja kutoka Nyangoto na vibati viwili vya chuma kisichoshika kutu. Alivikata mwenyewe na kulainisha kingo.

"Hivi hata mchwa wa Nyangoto hawavili," alisema.

Eunice alijifungia chumbani na msumari na nyundo, akagonga maneno herufi kwa herufi kwenye vibati vyote viwili. Kimoja alikihifadhi chuoni, kwenye sanduku lake lenye kufuli. Cha pili alikiweka kwenye bahasha, akaishona kwa uzi, akampa mama yake. Ndani aliweka na barua ya kueleza nini kifanyike akifa.

"Mbona si mimi?" Mzee Nashoni aliuliza.

"Baba, wewe ungekigawa," Eunice alisema.

Mama Teresia alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alijaribu kukasirika, akashindwa.

Mahindi yakavunwa. Eunice alizibadilisha sarafu kuwa shilingi, kwanza kidogo za kujaribu, kisha zilizohitajika. Machage na baba yake wakaenda mnadani na kurudi na ng'ombe wazuri. Watu wa Sirari wakapelekewa ujumbe wa heshima kwamba binti anasoma.

Siku ya kupeleka mahari, wazee walikaa uani kwa Mzee Nchagwa. Ng'ombe walisimama wakicheua. Mzee Nchagwa aliwazunguka mmoja mmoja, akawashika nundu, akatazama meno. Hakuona kasoro. Kisha akarudi kwenye kiti chake na kuuliza.

"Nashoni, hizi ng'ombe zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwa binti yangu, Eunice."

"Vizuri. Ameolewa wapi?"

"Hajaolewa."

Wazee waligeuka wote. Mzee Nchagwa aliinamisha kichwa upande mmoja, kama hakusikia vizuri.

"Ng'ombe za binti ambaye hajaolewa?"

"Ndiyo. Kazifanyia kazi, kazitunza mwenyewe. Leo yuko wodini, anajifunza kuchoma sindano. Mwakani anamaliza."

Mzee Nchagwa alitazama ng'ombe tena, kisha akatazama mlangoni, ambako binti yake mdogo, aliyekuwa darasa la saba, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Mahari ikapokelewa. Watu wakala, wakanywa, wakasifu.

Wakati wa kuagana, Mzee Nchagwa alimshika Nashoni mkono na kumvuta pembeni kidogo.

"Huyu wangu mdogo," alisema, "watu wameshaanza kumuulizia. Mwambie Eunice aje aongee naye kwanza."